Lukwemba ya Watani Wetu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote uliyowahi kuitundika ukutani, kwa hiyo ukiona inafanana na unayoijua, wagombeze waliokuchorea ya kwako. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, ina mawaziri wa kutosha, na ina jina moja tu la maana, ambalo si la kwetu.

Jina hilo ni Lukwemba.

Mimi naitwa Chambulila, mtu wa Kidoroko. Kama hujawahi kupasikia usione haya, wenzako wote hawajapasikia. Kidoroko iko kilima cha pili ukitoka bonde la Lukwemba. Zamani Lukwemba ilikuwa dola ya wafua chuma. Walikuwa na malkia, walikuwa na matanuri yaliyowaka kutwa kucha, na majembe yao yalifika hata nchi ambazo watu wake walikuwa wavivu wa kulima. Vitabu vya shule vinasema hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, na picha za kuchora. Ambalo vitabu havisemi ni kwamba chuma hakiyeyuki kwa kukodolewa macho. Kinataka mkaa. Mkaa ulitoka Kidoroko, vichwani mwa babu zangu, ambao walishuka nao weusi na kupanda bila hata picha moja. Lakini jembe likisifiwa, nani amewahi kuuliza habari za mkaa?

Basi nawaonea wivu. Nalisema mapema ili tusisumbuane. Wapo watu wanaouficha wivu wao chini ya maneno makubwa kama haki na usawa. Mimi wangu nimeuanika juani, kila mpita njia auone.

*

Nikuonyeshe jina hilo linavyofanya kazi. Ukifika mji mkuu ukiwa na kiu unaagiza Lukwemba, bia ya taifa, na mhudumu anakuuliza ya moto au ya baridi. Ukiwa na akiba unaiweka Lukwemba, benki yenye mlango wa vioo. Ukiwa na usingizi unailalia Lukwemba, godoro ambalo, kwa mujibu wa tangazo la redio, limejazwa historia. Jumamosi unakwenda uwanjani kuishangilia Lukwemba, timu ya mpira isiyo na mchezaji hata mmoja wa kutoka huko na ambayo haijachukua kombe tangu makombe yalipokuwa ya mbao. Bibi harusi asiposukwa mtindo wa Lukwemba, mawifi watamsema mpaka ajifungue. Rais akipokea wageni huwakaribisha katika Ukumbi wa Lukwemba, Ikulu, na wakiaga huwavisha Nishani ya Lukwemba daraja la pili, kwa sababu ya daraja la kwanza alishajivisha mwenyewe.

Hata lugha wameiteka. Inasimuliwa kwamba malkia wao wa mwisho alimkalisha juani mgeni mmoja aliyekuja na bendera, akamwacha akisubiri mpaka bendera ikapauka. Tangu hapo vijana wa mjini mtu akiwachelewesha husema amewalukwemba. Wakwe wanalukwembana, madaktari wanawalukwemba wagonjwa, na wafanyakazi wa Serikali hawana kazi nyingine.

Jina la Kidoroko nalo lilitumika, nisije nikaonekana mtovu wa shukrani. Kuna upele wa mbuzi ambao bwana mifugo aliugundua kwetu. Akauita Upele wa Kidoroko, akauchapisha kwenye bango la ofisi yake, chini ya picha ya mbuzi mwenye majonzi. Nilipokuwa kijana nilikwenda kulitazama bango lile zaidi ya mara moja. Hapo tu ndipo nilipowahi kuliona jina letu kwa herufi kubwa.

*

Utauliza, je, Lukwemba yenyewe? Haipo. Bonde lao lilijazwa maji ya bwawa la umeme, ule unaowasha taa za Hoteli ya Lukwemba, na wenyewe wakahamishiwa kwenye kilima cha mawe kinachotazamana na chetu. Kilima kikaitwa Makazi Namba Nne. Walipoomba kiitwe Lukwemba, Serikali iliwajibu kwa upole kwamba jina hilo lina majukumu mengi mjini na kwa sasa haliwezi kurudi kijijini.

Mimi sikuwahurumia. Mtu ambaye jina lake linanyweka nchi nzima, unamhurumia nini?

Isitoshe nimeoa kwao. Mke wangu, mama Egidi, alizaliwa bondeni kabla maji hayajaja. Kila redio ilipotangaza ile bia, alicheka kidogo kwa puani, akaendelea kuchambua mchele. Kicheko kile kilinikosesha usingizi kwa miaka ya ndoa yetu yote, na usingizi wenyewe ungekuwa juu ya godoro lao.

Halafu sisi na wao ni watani, tangu enzi za chuma na mkaa. Tunatukanana harusini na msibani, na kukasirika ni mwiko. Akifa mtu kwao sisi ndio wachimba kaburi, sisi ndio wapishi, sisi ndio tunaovaa nguo za marehemu na kumwigiza mwendo wake mpaka wafiwa wacheke na machozi yao machoni. Na kuna kazi moja ambayo hakuna awezaye kuifanya ila mtani. Kabla udongo haujarudishwa, mtani husimama ukingoni mwa kaburi, akaiita nchi ya marehemu kwa jina lake, akaitukana barabara, kisha akaikabidhi mtu wake. Wafiwa huitika kwa niaba ya nchi. Wenyewe hawawezi kuita, maana mfiwa hana sauti. Na kaburi lisiloitiwa halifukiwi, kwa sababu asiyeitiwa kwao hubaki njiani, akiwauliza wapita njia.

*

Wivu ukizidi hutafuta nauli. Tukachaguana wazee wachache wa Kidoroko, mimi nikiwa msemaji, tukaenda kumwona Waziri wa Majina, Kumbukumbu na Vinywaji, Mheshimiwa Daktari Salufu Mkabala. Ombi letu lilikuwa dogo. Tulitaka nasi tupewe kitu. Hatukudai benki. Hata biskuti, hata kiberiti, mradi kiandikwe Kidoroko.

Mheshimiwa alitulukwemba kwa siku kadhaa kwenye benchi, chini ya picha ya malkia. Tulipoingia alikuwa amevaa nishani, ya daraja la tatu. Nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba jina la Lukwemba limechoka, linabebeshwa kila mzigo kama punda wa mjane, wakati majina mengine yako vijijini yamekaa bila ajira.

Waziri alisimama akaenda dirishani, kama wafanyavyo mawaziri wakitaka kuonekana wanafikiri.

"Ndugu zangu wa huko mnakotoka," alisema, "mmenifumbua macho. Jina ni mali ya asili. Lisipolindwa litachezewa na kila mwenye mdomo. Serikali yenu sikivu italilinda."

Nilijaribu kumkumbusha habari za biskuti, lakini katibu wake alikwisha fungua mlango, na tukajikuta nje tukipongezana.

Haukupita muda mrefu ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Jina Tukufu. Sheria iliwataja wenye jina: kiwanda cha bia, benki, timu, kiwanda cha magodoro na Serikali yenyewe. Mtu mwingine yeyote atakayelitamka hadharani bila ruhusa yao ni wa jela. Ili asionewe mtu, mashitaka yalipaswa kuthibitishwa na mmojawapo wa wenyewe, asimame mahakamani aseme kwamba jina lililotamkwa ni lake. Mwenye kuagiza bia alihesabiwa kuwa amekwisha ruhusiwa.

Watu wa Lukwemba hawakutajwa. Walipeleka wajumbe, Waziri akawauliza wanaishi wapi, wakajibu kwamba wanaishi Makazi Namba Nne. Basi ninyi ni watu wa Namba Nne, akawaambia, akawatakia safari njema.

Sitaki kukudanganya, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyekunwa mgongo mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki. Nilirudi nyumbani nikamsalimu mke wangu, "Hujambo, binti wa Namba Nne?" Akaingia jikoni. Jioni hiyo nilikula ugali wangu na chumvi, lakini niliula kwa raha zote.

*

Mama mkwe wangu, Bibi Nambeye, alikuwa mtu wa mwisho aliyeyakumbuka matanuri. Alipokuwa msichana aliwasha moto wa tanuri la mwisho, na alikuwa na kovu mkononi la kuthibitisha. Kovu lile nalo nililionea wivu. Kwetu hakuna aliyewahi kuungua kihistoria.

Akaugua. Akaniita. Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, mke wangu akimpepea, na shemeji yangu Gaudensi amesimama mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kujua. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia, akaniambia nisogee.

Kwanza alinitukana kidogo kama kawaida yake, kwamba nimenenepa kama mtu anayekula mboga. Kisha akasema kazi ya ukingoni ataifanya nani, ila mimi. Nikamwambia, mama, kuna wazee wenzangu wanaowapenda zaidi. Halafu kuna sheria.

"Sitaki wanaotupenda," alisema. "Anayekupenda husahau. Mwenye wivu hasahau hata herufi. Wewe jina letu umelala nalo miaka yote hiyo, mkwe wangu. Utaliita vizuri."

Nilitaka kukataa. Moyoni nilikuwa nimeapa kwamba jina lile halitatoka tena kinywani mwangu, maana nilikwisha lifunga na funguo nilikuwa nazo mimi. Lakini mama mkwe haapiwi. Nikasema ndiyo, mama. Akafumba macho akaniambia nisiongeze chumvi kwenye matusi kuliko inavyostahili. Baada ya siku chache akafariki, kabla mahindi hayajakauka.

*

Habari za msiba zilifika mjini haraka kuliko nilivyotarajia. Asubuhi ya mazishi alikuja ofisa wa Mamlaka ya Jina Tukufu, kijana mmoja anaitwa Ponsiano, mwenye mwavuli na viatu vinavyong'aa. Cheo chake kilikuwa Ofisa Usikivu. Alitueleza kwa adabu kwamba hakuja kuzuia mila, amekuja kusikiliza tu, akaomba kiti karibu na kaburi.

Watani wa Kidoroko hawana simile. Kwanza walimnyang'anya mwavuli. Kisha, alipokuwa akila wali wake, akapotewa na kiatu kimoja. Alipolalamika alielezwa kwamba huo ni utani na kwamba kukasirika ni mwiko, naye akabaki amekaa na soksi moja hewani, akitabasamu kwa shida. Mwanamke mmoja wa kwetu alivaa kanga za marehemu, akatembea kama yeye, akiwagombeza wakwe mmoja mmoja. Aliponifikia alininyang'anya sahani. Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja, nami nikaona kumbe nampenda bibi yule aliyekufa, na wivu ukanipanda upya, maana kwetu hakuna aliyekuwa anastahili kuigizwa vizuri namna ile.

Jeneza likashushwa. Hapo ndipo Gaudensi aliponivuta kando. Aliniomba nisiite jina. Alisema ana watoto, dada yake naye ana watoto ambao ndio wangu, na jela ni jela. Akashauri niite kama Serikali ilivyowapangia. Nikaona amesema la maana. Nikapanda ukingoni, nikasafisha koo.

"Makazi Namba Nne!" niliita. "Pokeeni mtu wenu!"

Hakuna aliyeitika. Ukoo mzima ulikuwa umesimama pale, na hakuna hata aliyekohoa. Ofisa Usikivu alitikisa kichwa chake kwa kuridhika. Nilitazama chini, nikaliona jeneza limelala kama mzigo uliosahauliwa kituoni, nikamtazama mke wangu. Hakuwa analia tena. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kuona ameolewa na nani.

Nitakwambia kilichonipata. Si ushujaa. Ni ule ule wivu. Nilimwonea wivu yule bibi aliyekuwa ndani ya shimo, kwamba kuna neno moja tu duniani linaloweza kumfikisha, na neno lenyewe ninalo mimi, mtu wa mkaa. Nikafikiri, wao wametengeneza bia, wametengeneza magodoro, lakini hakuna hata mmoja wao anayejua kuliita. Najua mimi peke yangu.

"Lukwemba!" nikaita.

Ndege waliruka kwenye miti ya kilima cha pili.

"Lukwemba, wachoyo ninyi, mnaonuka uchachu toka alfajiri! Lukwemba, wezi wa jasho la watu, mtu akiwaamini kitu hakioni tena! Lukwemba, mlioshindwa kila mchezo tangu dunia iumbwe, hata mbio za magunia! Lukwemba, ukilala kwao unaamka na kunguni! Lukwemba, waongo wakubwa, mkisema leo ni Jumatatu mtu akaangalie kwanza! Nawaletea mtu wenu. Anafanana nanyi kwa ukali. Mpokeeni, maana sisi ametushinda."

Na ukoo mzima, Gaudensi akiwa wa kwanza, ukaitika, "Lukwemba tumempokea." Udongo ukarudishwa kwa majembe yenye mpini mfupi ya kale, na wanawake wakapiga vigelegele vya kumaliza.

Ofisa Usikivu alinijia akichechemea na kiatu chake kimoja. Aliniomba radhi, akasema kuna watu walikuwa wanakohoa, je, ningeweza kurudia neno la kwanza ili asimwonee mtu? Nikarudia. Akashukuru, akanikamata.

*

Mahakama ilijaa. Mwendesha mashitaka, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya mhubiri, alisoma matusi yote kutoka kwenye maandishi ya Ofisa Usikivu, neno kwa neno, kisha akawaalika wenye jina wathibitishe. Nilikwisha aga nyumbani. Mama Egidi alikuwa amekuja na blanketi langu, kwa kuwa alisikia jela zetu zina baridi.

Wa kwanza alikuwa wakili wa kiwanda cha bia. Aliinuka kwa mbwembwe, akainama kwa jaji, akaanza kusema kwamba jina lililotamkwa bila shaka ni la mteja wake. Kisha akaomba kusomewa tena tusi la kwanza. Akasomewa lile la kunuka uchachu toka alfajiri. Aliketi, akanong'onezana na watu wake, akainuka tena kueleza kwamba baada ya kutafakari, mteja wake haoni kama anahusika.

Wakili wa benki alipoitwa alikuwa akitoka nje. Akarudishwa. Alisema tusi la wizi wa jasho la watu halina uhusiano wowote na benki yake, na angependa hilo liandikwe kwa wino mzito. Katibu wa timu ya mpira alisema kwamba ni kweli hawajashinda, lakini mbio za magunia hawajawahi kushiriki. Mwenye kiwanda cha magodoro aliposikia kunguni aliangua kikohozi kilichomtoa mahakamani moja kwa moja.

Akabaki mwendesha mashitaka mwenyewe, kwa niaba ya Serikali, yenye Ukumbi wa Lukwemba. Jaji akamwuliza kama Serikali iko tayari kuthibitisha kwamba hao waongo wakubwa walioitwa na mshitakiwa ni wale wanaokutana katika ukumbi huo. Bwana yule alijifuta jasho, akasema Serikali haipo tayari. Akaongeza kwamba haitakuwa tayari hata kesho.

"Sasa huyu mzee alikuwa anamwita nani?" jaji aliuliza.

Nikainua mkono. Nikasema nilikuwa naliita bonde, mheshimiwa, bonde alikozaliwa mama mkwe wangu, na watu wake. Mwendesha mashitaka akaruka, amepata pumzi. Akasema hakuna bonde la namna hiyo, ramani zote za Serikali zinaonyesha maji, na watu wanaotajwa ni wa Makazi Namba Nne. Jaji akaandika kwa muda mrefu. Kisha akahukumu kwamba mtu akiita mahali pasipokuwepo, palipokosa hata mmoja wa kupadai, kisheria hajasema kitu. Nikaachiwa huru kwa kosa la kunyamaza.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilitoka pale na hasira inayonichoma. Jina ambalo nimelionea wivu tangu utoto, jina lililonikondesha, wale wote walioligawana walilitupa mbele ya macho yangu kama ganda la ndizi, mara tu lilipowataka walibebe pamoja na matusi yake. Sisi watani hubeba vyote.

*

Tulirudi nyumbani na blanketi letu. Usiku ulikuwa bado, jua likiwa juu ya bwawa. Mke wangu alitengeneza chai, akaniwekea na mboga kwenye ugali, mboga ya kwanza tangu sheria ipite. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza ile bia. Safari hii hakucheka.

Nikamwuliza imekuwaje leo.

"Baba Egidi, wewe ulidhani nilikuwa nacheka," alisema. "Ulikuwa ni mlango niliokuwa naufunga ili kilio kisitoke. Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu wewe. Wewe ukisema unakwenda Kidoroko, unafika. Mimi nikisema nakwenda Lukwemba, naletewa chupa."

Mke wangu ni mtu wa maneno machache, na yale aliyonayo huwa anayaweka mpaka yaive.

*

Sasa, magazeti ya mjini yaliandika kesi ile, na kwa kuwa hayakuruhusiwa kulitaja jina la Lukwemba, yaliandika habari za mzee wa Kidoroko. Kidoroko, Kidoroko, ukurasa wa mbele. Watu mjini wakaanza kulipenda. Wakasema linaburudisha mdomoni.

Waziri Mkabala alikuja mwenyewe, na msafara, na kikundi cha ngoma kilichokodiwa. Tulikusanyika chini ya kilima chetu, hata watani wa Namba Nne wakaja kutazama. Mheshimiwa alitangaza kwamba Serikali sikivu imelisikia ombi letu la muda mrefu. Jina la Kidoroko limechaguliwa kwa ajili ya maji mapya ya chupa yatakayouzwa hata nchi za nje. Akainua chupa. Kilima chetu kilikuwa kimechorwa juu yake, na chini yake, kwa herufi kubwa, jina letu.

Nilipiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikauma. Kisha nikageuka kuwatazama watu wa Lukwemba, nikitaka kuuona wivu kwenye nyuso zao, wivu wa kwao, niule kwa macho japo mara moja maishani mwangu. Sikuuona. Walikuwa wanatutazama kama watu wanavyowatazama wafiwa ambao bado hawajaambiwa.

Waziri aliendelea. Maji yatatoka kwenye chemchemi yetu. Kiwanda kitahitaji kilima. Kwa ajili ya usafi wa maji, wananchi watasogezwa pembeni kidogo, mahali pazuri penye mawe, patakapoitwa Makazi Namba Tano. Ngoma ikapigwa. Wapimaji walikuwa wamekwisha shuka kwenye gari na vigingi vyao, na mmoja wao alikuwa anakunywa Kidoroko.

Nilingoja msafara uondoke, nikapanda kilima cha Namba Nne kwa shemeji yangu Gaudensi. Nilimkuta anachonga mpini. Nikamwambia, shemeji, ninyi ndio watani wangu, ninyi ndio mtakaosimama ukingoni siku yangu, na siku hiyo jina litakuwa limepata kazi mjini. Naomba ulijaribu sasa, wakati bado ni la kwetu, nisikie kama unalijua.

Hakunicheka. Aliweka mpini chini, akatoka uani, akatazama kilima chetu kilichokuwa na vigingi vipya.

"Kidoroko!" aliita. "Wauza mkaa ninyi, mlioungua kabla ya moto! Kidoroko, wenye macho ya wivu, mliotutamani mpaka mkafanana na sisi! Nawaletea mtu wenu. Mpokeeni."

Sikuwahi kulisikia jina letu likiitwa vizuri namna ile. Nikangoja upande wa pili uitike, lakini watu wetu walikuwa bado chini, wamepanga foleni ya chupa za bure.

Basi nikaitika mwenyewe.